Wanafunzi 54 ndani ya hati moja: ninunue programu gani?

SWALI: Nafundisha Historia katika sekondari ya kata wilayani Namtumbo. Darasa lina wanafunzi 54, na chumba cha kompyuta kina mashine 12 zinazotumia mifi moja (kile kifaa kidogo cha intaneti ya bando). Niliwafungulia hati moja ya Google Docs, wote kwa kiungo kimoja, waandike pamoja sababu za Vita vya Maji Maji. Watano waliandika, wengine wakabaki kutazama. Kabla kipindi hakijaisha mtu alifuta kila kitu, na hadi leo sijui ni nani. Kompyuta mbili hazikuingia kabisa. Kwenye semina tumeshauriwa tununue programu ya kulipia ambayo "inawafanya wanafunzi washiriki". Ipi inafaa?

JIBU: Usinunue yoyote, Mwalimu. Tuanze na kazi iliyofutwa, maana bado ipo. Fungua hati kwa akaunti iliyoitengeneza, bonyeza Ctrl+Alt+Shift+H, na pembeni itatokea orodha ya matoleo ya hati kwa tarehe na saa. Chagua toleo la kabla ya kufutwa, lirudishe. Aliyefuta hutampata. Uliruhusu yeyote mwenye kiungo ahariri, wanafunzi wakaingia bila akaunti, kwa hiyo orodha ile inaonyesha watumiaji wasiojulikana tu.

Kompyuta mbili zilizogoma: hesabu vifaa. Mifi nyingi ndogo zina kikomo cha vifaa 10, na simu yako ikiwa imeunganishwa nayo inahesabika. Kama kikomo hakijafikiwa, tazama tarehe kwenye mashine hizo. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka, na kivinjari hukataa kufungua tovuti kwa madai kwamba muunganisho si salama. Rekebisha tarehe, itaingia. Ukiwa hapo hapo, nenda kwenye mipangilio ya Windows na uweke alama kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo ("metered connection"). Usipofanya hivyo, mashine 12 zitaanza kupakua masasisho kwa pamoja na bando litakwisha kabla hujaita majina.

Sasa nije kwenye lile linalonikera, kwa sababu swali hili linanifikia kila mara na karibu kila mara mwishoni mwake kuna neno "ninunue". Hakuna programu inayomfanya mtoto ashiriki. Angalia ulichowauliza: sababu za Vita vya Maji Maji. Jibu limo kitabuni, limepangwa kwa namba: kodi, kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ukatili wa maakida (watawala wadogo wa Wajerumani) na kadhalika. Mwanafunzi wa kwanza akishaandika kodi, wa pili akaandika pamba, wa sita ataongeza nini? Wale 49 uliowaona wanatazama hawakuwa wavivu. Kazi ilikuwa ya watu watano na watu watano wameifanya. Uhamishie swali hilo hilo kwenye programu ya kulipia yenye rangi, nyota na vikaragosi, wataandika watano vilevile.

Kazi ya pamoja inahitaji kila kundi liwe na kitu ambacho wengine hawana, na swali ambalo halijibiki mpaka vitu hivyo vikutane mezani. Kwa mada yako swali lipo tayari: ni watu wangapi walikufa katika Maji Maji, na kwa nini idadi zinapishana kiasi hiki?

Andaa vyanzo sita, kila kimoja kwenye karatasi ya ukurasa mmoja, mistari ikiwa imepewa namba. Kimoja ni ramani yenye tarehe, kuanzia Umatumbi Julai 1905 hadi vita ilipofika Ungoni, nchi ya Wangoni. Cha pili ni idadi rasmi ya serikali ya Wajerumani, watu 75,000. Cha tatu ni makadirio ya mwanahistoria Gilbert Gwassa, kati ya 250,000 na 300,000. Cha nne ni maelezo ya jinsi majeshi ya Wajerumani yalivyochoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata. Cha tano ni simulizi za wazee. Kumbuka kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuzikusanya, jambo ambalo darasa lako linafaa kulijua. Cha sita ni picha na maelezo ya makaburi ya walionyongwa Songea Februari 27, 1906, akiwemo Nkosi (chifu wa Wangoni) Mputa Gama. Makumbusho ya Maji Maji yako Songea mjini, na kwenu Namtumbo si mbali.

Makundi yawe 12, sita ya wanafunzi wanne na sita ya watano. Hati ziwe mbili, kila hati makundi sita, kila kundi chanzo kimoja. Chanzo kitolewe kwa karatasi tu na kwa kundi husika tu, kisipandishwe mtandaoni. Hapo ndipo walimu wengi wanapoharibu. Ukiwawekea wote vyanzo vyote umerudi kwenye swali la kitabuni.

Ndani ya hati weka jedwali la mistari sita na safu tatu: chanzo kinasema nini, kilitoka kwa nani na lini, kinawahesabu akina nani na kinawaacha akina nani. Safu ya tatu ndiyo yenye uhai. Kundi lenye idadi ya serikali linapoulizwa na kundi la njaa kama waliokufa kwa njaa baada ya mapigano wamo humo, mjadala umeanza bila wewe kupiga meza.

Kwa kipindi cha dakika 80 gawa hivi: 15 za kusoma karatasi skrini zikiwa zimezimwa, 20 za kujaza mstari wao, 15 za kuweka maoni kwenye mistari ya makundi mawili mengine, 20 za aya ya pamoja. Kumi zinazobaki zitaliwa na kuingia na kufunga. Maoni huwekwa kwa Ctrl+Alt+M. Kila oni liwe swali linalotaja namba ya mstari wa karatasi yao wenyewe. "Kazi nzuri" na "nakubaliana" usizipokee. Kwa aya ya pamoja, makundi sita yakiandika sehemu moja kwa wakati mmoja ni vurugu, herufi zinaruka kila upande. Weka mistari sita yenye namba, kila kundi liandike sentensi moja kwenye namba yake, kisha kundi moja lililopatikana kwa kura liziunge. Wengine wabadili hali ya uhariri iwe ya mapendekezo, ili wanachogusa kionekane kwa rangi na kisubiri kukubaliwa.

Ndani ya kundi, kibodi ibadilishe mikono kila dakika 10. Usipolisimamia hili, anayejua kuchapa haraka ataikalia hadi kengele. Na kila sentensi imalizike kwa herufi za kwanza za jina la aliyeitoa, hata kama si yeye aliyeichapa, kwa sababu orodha ya matoleo hukuonyesha akaunti iliyotumika na haijui wazo lilitoka kwa nani. Walimu wanaotoa alama kwa kuhesabu maneno ya kila mmoja humo wanapima kasi ya vidole.

Kuhusu akaunti: usijaribu kufungua Gmail 54 kwa laini yako ya simu. Google huweka kikomo cha akaunti kwa namba moja na utakwama njiani. Unahitaji akaunti 12 tu, moja kwa kila kundi. Njia safi ni shule ipate jina lake la mtandao linaloishia na .sc.tz, kisha iombe Google Workspace for Education Fundamentals, huduma ya Google ya akaunti na hati za shule, ambayo ni bure kwa shule zinazotambulika. Hapo unaweza kufunga hati ili wafungue wenye akaunti za shule peke yao, na kila badiliko lina jina la kundi. Kabla ya kipindi, ipe hati toleo lenye jina, kwa mfano "kabla ya darasa", ili ukihitaji kurudi nyuma usipepese macho kutafuta saa. Na wafundishe Ctrl+Shift+V kwa kubandika. Ctrl+V ya kawaida huleta fonti, picha na majedwali ya tovuti nzima, na jedwali lako linapasuka.

Bando likiwa tatizo la kudumu, hamhitaji intaneti kabisa. Etherpad ni programu huria ya kuandika pamoja. Inawekwa kwenye mashine moja, na zile 11 zinaifikia kwa mtandao wa ndani kupitia anwani kama 192.168.1.5:9001. Kila mwandishi ana rangi yake, na kuna kitelezi kinachoonyesha hati ilivyokua tangu herufi ya kwanza. Haina mapambo. Fundi wa kompyuta anayeielewa Node.js, programu inayoiendesha, ataisimika bila shida.

Hawa wauza programu wa semina wanajua haya yote, lakini hawana cha kuuza ndani yake. Wanachouza ni orodha: zana 30, zana 50, cheti mwishoni. Mwalimu anarudi shuleni na akaunti za majaribio saba, hakuna somo hata moja lililobadilika, na baada ya mwezi majaribio yanaisha na kazi za wanafunzi zinafungiwa ndani. Hata kampuni kubwa hufunga milango: Google waliizima Jamboard, ubao wao wa kidijitali, Desemba 31, 2024, na waliokuwa wamejenga masomo yao juu yake walilazimika kuyahamisha. Somo lililojengwa juu ya swali zuri na karatasi sita linahamia popote, hata ubaoni kwa chaki umeme ukikatika.

Njia nyingine ya mkato ninayoiona sana ni kundi la WhatsApp la darasa. Kwa matangazo ni sawa. Kwa mjadala wa Historia halifai kitu: hoja ya saa nne imezikwa na salamu ifikapo saa sita, hakuna jedwali wala njia ya kuhariri sentensi ya mwenzako, na namba ya simu ya mtoto, mara nyingi ni ya mzazi, inaonekana na kila aliyemo. Kwenye kundi la watu 54 kuna ndugu, wapangaji na waliookota simu.

Na hapa ndipo wakuu wa shule wanapaswa kuamka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na za watoto zinalindwa kwa ukali zaidi. Muuzaji anayetaka orodha kamili ya majina, tarehe za kuzaliwa na picha za wanafunzi "ili mfumo uwatambue" anaomba kitu ambacho somo halikihitaji. Kwa darasa lako yanatosha majina kama Kundi 1 hadi Kundi 12. Akisisitiza, mwombe akujibu kwa maandishi: taarifa zinahifadhiwa wapi, kazi za wanafunzi zinapakuliwaje zote kwa mara moja mkataba ukiisha, na nani anazifuta na ndani ya siku ngapi. Asipojibu yote matatu, usimpe hata daftari la mahudhurio.