Gia otomatiki inayoshtuka: anza na kijiti cha oili
Ndugu yangu, kwa kuwa Corolla yako ya 1998 hushtuka inapoingia gia ya pili, hasa baada ya foleni ya Changamwe, usikubali giaboksi ifunguliwe kabla ya kupima oili yake. Egesha mahali tambarare injini ikiwa imepata moto na inanguruma, pitisha mkono wa gia polepole katika nafasi zote, urudishe P, kisha uchomoe kijiti cha oili ya giaboksi, ukipanguse, ukirudishe na kukichomoa tena. Oili ambayo bado ni nzuri huwa nyekundu na angavu. Ikiwa ya kahawia, inanuka kuungua na ina chembechembe ukiisugua vidoleni, basi klachi za ndani zimeanza kulika. Ikiwa imepungua tu, tafuta inakovujia, kwa maana haiungui ikapungua kama ya injini.

Ikiwa ni safi na imejaa, kagua maunti za injini, yaani vishikizo vya mpira vinavyoibeba. Mimi nililaumu giaboksi wiki mbili nzima, kumbe mpira wa maunti moja ulikuwa umepasuka! Baada ya hapo ndipo fundi apime solenoidi (valvu za umeme zinazoongoza oili ndani ya giaboksi) kwa kompyuta.