Barua kwa mwanangu: tepe za Misale usizifue

Moshi

Mwanangu,

Marahaba. Umeuliza kama tepe za kuwekea alama kurasa, za Misale (kitabu cha sala za misa) na vitabu vya nyimbo, unazokusanya huko Arusha uzifue kisha uzibandike kwa gundi kwenye nguo, maana pazia lako la tepe hizo litaongezwa kila mwaka na unataka lidumu. Usifue, na gundi iweke mbali.

Chukua utepe mmoja uutazame penye mwanga. Juu, zile sentimita chache zilizofichwa kwenye mgongo wa kitabu, ni pakavu kwa gundi ya jalidi na rangi bado imekolea. Katikati, palipobanwa na kurasa, pamelala bapa. Mkia uliokuwa ukining'inia nje umepauka, una weusi wa vidole, na nyuzi zimefumuka. Kazi yako yote imo humo. Sabuni itafuta tofauti hizo, na rangi nyekundu ikichuja itachafua na jirani zake. Utepe wa misa ya siku huhamishwa kila mara, ndiyo maana huchakaa kuliko ule unaokaa kwenye Sala ya Ekaristi. Ziweke tepe hizo mbili bega kwa bega.

Vumbi litoe kwa brashi laini, kavu. Penye nta ya mshumaa, tia utepe kwenye mfuko uuweke friza; nta ikishakakamaa ikwangue kwa ukucha. Pasi hapana: nta itayeyuka izame kwenye nyuzi.

Kujua utepe ni wa nini, choma uzi mmoja uliokwisha kufumuka. Poliesta huyeyuka ikaacha kishanga kigumu. Hariri hunuka nywele zilizoungua. Pamba na reyoni hunuka karatasi.

Nguo ya nyuma, ya kushonea tepe, iwe marekani (kitambaa cha pamba kisichopaushwa), nayo ndiyo ya kufua, mara mbili kwa maji moto, itoke stachi na imalize kusinyaa. Ikija kusinyaa baadaye, tepe zote zitajikunja. Usitumie nguo moja kubwa. Kata vipande vya upana wa sentimita 25. Kwa utepe wa milimita 6 na nafasi ya milimita 2, kila kipande kitabeba tepe 31. Shona juu tu, penye gundi ya jalidi, mishono mitatu ya uzi wa pamba bila kukaza, mkia uachwe huru. Mwakani unaning'iniza kipande kipya kwenye fimbo bila kugusa vya zamani. Gundi ya viatu hupenya satini, hugeuka njano, na haitoki.

Nyuma ya kila utepe andika kwa penseli parokia, aina ya kitabu na mwaka. Pazia lisipigwe na jua, wala lisilale ukutani wakati wa masika. Acha sentimita 3 hewa ipite, la sivyo litaota ukungu.

Kitabu kinachotumika bado usikikate utepe. Mwombe paroko au mchungaji zile zinazotolewa vitabu vikipelekwa kujalidiwa upya, na umwonyeshe kipande ulichokwisha kushona ajue zinakwenda wapi.

Mama yako