Dakika zako 15 haziko njiani

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Usikate tamaa, kaka. Kila mtu atapata dakika zake 15 za umaarufu. Zako zinakuja." Alikuwa ananifariji, kwa kuwa nimelalamika sana kwamba makala zangu hazisomwi. Nilimshukuru, kisha nikakaa na simu mkononi nimenuna. Maneno hayohayo yamenila miaka sita.

Msemo huo unahusishwa na msanii wa Marekani, Andy Warhol, na ulichapwa kwenye kijitabu cha maonyesho yake ya Stockholm mwaka 1968. Ni mtamu, ndiyo maana niliumeza bila kutafuna. Niliubandika ukutani juu ya meza, nikawa nasubiri zamu yangu kama mtu aliyeshika namba kwenye foleni.

Foleni ipi? Usiku mmoja nilichukua kikokotoo. Mwaka una dakika 525,600. Gawa kwa 15, unapata zamu 35,040. Duniani tumeshapita bilioni 8. Tukipokezana mmoja mmoja, wa mwisho atangoja zaidi ya miaka 228,000.

"Si mng'ae wengi kwa pamoja?" mke wangu akauliza. Hapo ndipo penye kosa lenyewe. Umaarufu ni kama urefu: mrefu anaitwa mrefu kwa sababu wafupi wapo. Tukipanda wote jukwaani, nani anabaki kwenye viti?

Kwa hiyo wewe mwenzangu unayelitafuta jina, ukichekeshwa na msemo, tafuta neno "kila" limejificha wapi. Cheka, halafu hesabu. Narudia: hesabu.

Dakika zangu, kwa taarifa yenu, niliwahi kuzipata. Nilikusudia kuandika "Namna ya kukuza kipaji chako", kidole kikaruka herufi, ikatoka "Namna ya kuuza kipaji chako". Ilisambazwa siku mbili. Watu wakaniuliza bei. Makala iliyofuata, ambayo niliihangaikia mwezi mzima, ilisomwa na walewale wa siku zote, na wawili kati yao ni ndugu zangu. Bado inauma.

Jana msomaji wangu kajibu: hata mchoraji Van Gogh alipuuzwa enzi za uhai wake, akavuma baada ya kufa. Lo! Kwani waliopuuzwa wakafa, na hadi leo wamepuuzwa, tutawahesabu vipi na majina yao hatuyajui? Nimeanza kumwandikia jibu. Limefika kurasa tatu.