Wiki 10 zinatosha, ila jifunzeni kushuka

Kaka, umeuliza kama wiki 10 zinawatosha nyie wanne kujiandaa kwa triathloni ya njia za porini, mkifanyia mazoezi Lushoto. Kama wote mnajua kuogelea, zinatosha. Umbali wa kawaida ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 30 hivi, kisha mbio 10.

Kupanda mtazoea tu. Kinachoangusha watu ni kushuka, maana udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unateleza kama sabuni. Punguzeni upepo kidogo kwenye tairi, inueni makalio juu ya siti, macho yatazame mbele, si kwenye gurudumu, na breki ya mbele iguseni kwa kidole kimoja. Anayeshuka vizuri atangulie, wengine mfuate njia yake mkiachiana nafasi.

Mara moja kwa wiki, mkitoka tu kwenye baiskeli kimbieni dakika 15 hapohapo. Miguu itakuwa mizito kama magogo, na ndiyo zoezi lenyewe. Kuogelea malizaneni nako mjini kwenye bwawa safi, msijitupe ziwa lolote mkaokota kichocho. Na kila mtu abebe tyubu na pampu yake. Kila kundi lina ombaomba mmoja (kwetu nilikuwa mimi).