Taarifa za polisi zikivuja, nani anawajibika kuchunguza?

SWALI: Nilitoa maelezo polisi nikiwa shahidi katika kesi ya ulaghai. Baada ya muda kurasa mbili za maelezo hayo, pamoja na namba yangu ya simu, zikaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Msemaji wa polisi alisema suala hilo linachunguzwa. Tangu hapo kimya. Nikifuatilia naambiwa nimtaje afisa aliyevujisha, la sivyo sina malalamiko. Je, ni kweli? Na nitajuaje kama uchunguzi upo?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Si kweli, na inaniumiza kwamba shahidi aliyejitokeza kusaidia haki ndiye anayeambiwa maneno hayo. Maelezo yako yalikuwa mikononi mwa dola. Hukuwa na ufunguo wa kabati wala neno la siri la mfumo. Kukudai jina la mkosaji ndipo malalamiko yapokelewe ni kukutwisha kazi ya mpelelezi.

Hoja hii imeshapimwa mahakamani. Mwaka 2003 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi ya Bettino Craxi, waziri mkuu wa zamani wa Italia, dhidi ya nchi yake. Simu zake zilikuwa zimenaswa katika mwenendo wa jinai, na mazungumzo ya faragha kabisa yakaishia magazetini. Nani aliyatoa? Haikujulikana. Mahakama ilisema serikali ilikuwa na wajibu wa kuyatunza salama, na yalipovuja ukaja wajibu wa pili: kuchunguza kwa dhati yalitokaje. Italia ilishindwa kote kuwili. Mwaka 2013 Romania nayo ilionekana imekiuka haki ya faragha baada ya dondoo za simu zilizomo katika jalada la jinai kuchapishwa na vyombo vya habari. Hukumu hizo hazizifungi nchi zilizo nje ya mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu, lakini mahali popote ambapo katiba inalinda faragha wakili anaweza kuziweka mbele ya jaji kama hoja ya ushawishi.

Sasa elewa mpaka wa wajibu huo. Serikali inadaiwa kutafuta. Haidaiwi lazima ipate. Uchunguzi wa kweli unaweza kuisha bila mkosaji kujulikana. Kinachopimwa ni hatua zilizochukuliwa, zilichukuliwa lini, na zilichukuliwa na nani.

Hatua ya kwanza, na hapa ndipo uchunguzi mwingi hufia, ni kulinda kumbukumbu za mfumo. Mifumo mingi ya majalada ya kielektroniki huandika nani aliingia, saa ngapi, kwenye kompyuta ipi, alifungua jalada gani na kama alilichapa. Kumbukumbu hizo hazikai milele; nyingi hufutwa zenyewe muda wake ukifika ili kupisha mpya. Mchunguzi makini huagiza zihifadhiwe siku ileile malalamiko yanapoingia, kisha hulinganisha orodha ya waliofungua jalada na orodha ya waliopangiwa kesi. Aliyefungua bila kazi ya kumfikisha pale ana la kueleza. Kama jalada ni la karatasi, daftari la kulitoa na kulirudisha hufanya kazi hiyohiyo, likiwa limejazwa kwa uaminifu.

Hatua nyingine ni kuisoma nakala yenyewe iliyovuja. Ina sahihi au bado? Ina muhuri wa kupokelewa? Ni picha ya kioo cha kompyuta au ya karatasi juu ya meza? Nakala isiyo na muhuri inaweza kuonyesha kwamba ilitoka kabla maelezo hayajapelekwa kwa mwendesha mashtaka, na kundi la kuhojiwa likapungua sana. Tunza picha ulizotumiwa, pamoja na tarehe na saa ulizozipokea, wala usizikate. Na uwe tayari kwa jibu usilolitarajia: maelezo ya shahidi hufika pia kwa waendesha mashtaka, mahakamani na kwa mawakili wa utetezi, kwa hiyo mvujishaji huenda si polisi.

Kisha lipo suala la anayechunguza. Kitengo ambacho jalada lilikuwa mezani kwake hakiwezi kujichunguza kikaaminiwa. Agosti 2023 polisi wa Ireland Kaskazini, wakijibu ombi la taarifa, walitoa lahajedwali (faili la kompyuta la majedwali, kama la Excel) lililokuwa na ukurasa uliofichika wenye majina ya ukoo, vyeo na vituo vya kazi vya watumishi wao 9,483. Mapitio yaliongozwa na afisa kutoka jeshi jingine la polisi na ripoti ikatolewa hadharani Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2024 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza ikawatoza polisi hao wa Ireland Kaskazini faini ya pauni 750,000. Ule ulikuwa uzembe, wala hakuna aliyeuza siri, na bado taasisi yenyewe iliwajibishwa.

Jambo moja silikubali: uchunguzi unaoanza kwa kunyang'anya simu ya mwandishi wa habari. Ulinzi wa vyanzo vya habari nao ni haki inayotambuliwa, na afisa anayefichua rushwa ya wakubwa wake hafanani na anayesambaza namba ya shahidi. Mchunguzi aanze na ofisi iliyokuwa na jalada.

Kwako, kabla ya yote, ni usalama. Kama kuna anayekutishia, andika barua ya pekee kwa mkuu wa polisi na mwendesha mashtaka, ukitaja vitisho hivyo na kuomba ulinzi wa shahidi. Usiichanganye na malalamiko ya kuvuja. Mamlaka zikishajua kuna hatari ya kweli na ya karibu kwa maisha ya mtu, zina wajibu wa kuchukua hatua zilizo ndani ya uwezo wao.

Kuhusu uchunguzi wenyewe, uliza kwa maandishi: ulifunguliwa tarehe gani na kwa namba ipi, anauongoza nani na anaripoti kwa nani, kumbukumbu za mfumo zilihifadhiwa lini, na utapewa taarifa ijayo lini. Usiulize majina ya washukiwa. Hapo wana haki ya kukataa. Lakini maswali yale mengine hayaharibu upelelezi wowote. Peleka nakala kwa chombo cha usimamizi wa polisi na kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi, kama vipo, na uombe nakala zote zigongwe muhuri wa kupokelewa. Swali la kumbukumbu za mfumo lisingoje barua ndefu. Lipeleke leo peke yake, kwa sentensi mbili, ukiomba zisifutwe.