Jirani wa waifai kaona video za mteja wangu: nihamishe vipi 220 GB kwa usalama?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi na mwenzangu tunafanya video za harusi, send-off na kitchen party, ofisi yetu ni chumba kimoja ghorofa ya 2 huku Sinza. Waifai ni ya jengo zima, mwenye jengo katoa paswedi moja kwa wapangaji wote, kuna saluni, kuna wakala wa tiketi, kuna fundi simu, wote tupo humo humo. Mimi napiga na kumwaga kwenye laptopu (Windows 11), mwenzangu anaediti kwenye dekstopu (Windows 10). Kila wikiendi nakuwa na kama 220 GB za kumpa. Tulikuwa tunashea folda tu, tukaondoa paswedi maana ilikuwa inasumbua. Juzi kijana wa ofisi ya jirani ananiambia "dada ile harusi ya Jumamosi ilinoga, nimeiangalia". Nimeishiwa nguvu, mle kulikuwa na klipu za bibi harusi akivalishwa. Alafu kukopi kwenyewe kunachukua usiku kucha na umeme ukikatika tunaanza upya. Nilijaribu eksteno ikagoma faili la 11 GB wakati nafasi ipo kibao. Kuna mtu kaniambia nikianza kuweka mambo ya usalama ndo itazidi kuwa slo. Nifanyeje?

JIBU: Dada pole sana. Kabla hujaendelea kusoma fanya hivi kwenye mashine zote mbili: bonyeza kulia kwenye ile folda, nenda Properties, Sharing, Advanced Sharing, toa tiki ya "Share this folder". Alafu ingia setingi za mtandao, bonyeza ile waifai ya jengo na uiweke "Public network". Watu wengi wanaweka "Private" kwasababu ndo folda zinaonekana, lakini ukiweka Private unaiambia Windows kwamba wote waliomo humu ni watu wa nyumbani kwako, na kwa jengo lenu hiyo sio kweli. Na ile setingi ya kushea inayodai paswedi, irudishe. Ukimaliza hapo ile folda jirani haioni tena.

Na huyo kijana muone uso kwa uso leo, muulize kama alikopi kitu, kama alikopi afute mbele yako. Mteja pia mwambie wewe mwenyewe, najua ni ngumu ila akisikia kwa mtu mwingine ni mbaya zaidi, na zile ni picha za mwili wake na sura yake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, haijalishi ofisi ni chumba kimoja.

Sasa kilichotokea. Huyo kijana hajadukua chochote, alifungua Network akaona jina la kompyuta yako akabonyeza, basi. Mliruhusu "Everyone" bila paswedi, na kama mliwapa na "Full Control" angeweza hata kufuta harusi nzima. Na sio watu tu, kirusi cha kudai fidia kikiingia kwenye kompyuta ya mpangaji mmoja kinatafuta folda zilizo wazi kama hiyo na kuzifunga. Mei 2017 kirusi cha namna hiyo kinachoitwa WannaCry kilisambaa dunia nzima kwa kupitia kasoro ya SMB 1, yaani ule mfumo wa zamani wa Windows wa kushea mafaili, hospitali za Uingereza zikakwama, wakati Microsoft walishatoa kiraka chake tangu Machi mwaka huohuo. Kwahiyo sasisho zikija weka, na hiyo dekstopu ya Windows 10 muifikirie kwa umakini, Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, paswedi ya waifai haikulindi dhidi ya mtu ambaye na yeye anayo. Ni kama ufunguo wa geti kwenye nyumba ya wapangaji, unazuia wa nje tu. Kwenye WPA2, yaani aina ya ulinzi wa waifai ambayo ndo bado ipo kwenye ruta nyingi, mtu mwenye paswedi ileile akinasa mawasiliano ya laptopu yako pale inapojiunga na waifai anaweza kufungua data yako inayopita hewani akaisoma, WPA3 ndo imeziba hilo. Kwahiyo kwenye mtandao wa pamoja hesabu kwamba yupo anayesikiliza, na mafaili yasimbwe yakiwa bado kwenye mashine yako na yafunguliwe yakishafika kwenye mashine ya mwenzako, hapo katikati yawe hayasomeki. Kwa sababu hiyohiyo usitumie FTP ya kawaida (njia ya zamani ya kutuma mafaili) hata kama kuna mtu anakusifia kwamba iko fasta, ile inatuma jina na paswedi yako wazi wazi kama ulivyoandika.

Hili la usalama kuleta uslo nataka ulitoe kabisa kichwani, kwasababu ndo linawafanya watu waache milango wazi. Prosesa za kompyuta za miaka mingi sasa zina sehemu maalum ya kusimba kwa njia inayoitwa AES, kazi hiyo wala haizielemei. Kinachokukwamisha wewe ni waifai. Mashine mbili zikiwa kwenye waifai moja kila faili linasafiri hewani mara mbili, kutoka kwako hadi kwenye ruta alafu kutoka kwenye ruta hadi kwa mwenzako, na hapo hapo saluni wanaangalia video na fundi simu anashusha programu. Ukipata 4 MB kwa sekunde kwenye hali hiyo, 220 GB ni saa 15, ndo huo usiku wako kucha. Kebo ya LAN ya gigabiti inafika kama 110 MB kwa sekunde, mzigo huohuo ni dakika 33 kama diski zenu zinaenda nayo. Kwahiyo tukitoka kwenye waifai tunapata kasi na usalama kwa mkupuo.

Nyie mko chumba kimoja, nunueni kebo ya Cat5e au Cat6 na mchomeke laptopu moja kwa moja kwenye dekstopu, hakuna ruta, hakuna intaneti, hakuna mpangaji. Zamani ilibidi iwe kebo maalum iliyogeuzwa nyaya, kwa mashine za gigabiti yoyote inafaa. Laptopu kama haina tundu la LAN nunua adapta ya USB, ila soma boksi vizuri, iwe USB 3.0 na iandikwe gigabiti, maana zile za bei rahisi nyingi ni za 100 Mbps, hizo zinakupa kama 11 MB tu kwa sekunde na mzigo wako unarudi kuwa saa 5 na nusu. Ukishachomeka angalia kwenye setingi za Ethernet pale kwenye "Link speed", ikisoma 1000 uko sawa, ikisoma 100 na vifaa vyote ni vya gigabiti basi shuku kebo kwanza, gigabiti inahitaji nyaya zote 8 ndani ziwe nzima, 100 inaridhika na 4, ndo maana kebo mbovu inakudanganya kwamba inafanya kazi.

Kisha zipeni mashine namba za IP kwa mkono kwenye setingi hizohizo za Ethernet: laptopu 192.168.50.1, dekstopu 192.168.50.2, mask 255.255.255.0, sehemu ya gateway acha wazi.

Njia ya kuhamishia mimi nakushauri SFTP, ni ya kutuma mafaili na inapita ndani ya SSH, yaani mawasiliano yaliyosimbwa kati ya mashine mbili. SSH ilitengenezwa 1995 na Tatu Ylönen wa Finland baada ya mtu kunasa paswedi kwenye mtandao wa chuo chake, yaani shida ni hiihii ya kwako, mtandao wa watu wengi na mmoja anasikiliza. Leo ndo inayotumika kuendeshea seva nyingi duniani na ni bure. Kwenye dekstopu, waifai ikiwa bado imewashwa, nenda Optional features uongeze "OpenSSH Server", laptopu iwekee WinSCP, programu ya kutumia SFTP. Alafu kwenye dekstopu tengeneza akaunti mpya ya kawaida, isiwe ya admini, tuseme jina "mapokezi" na paswedi ndefu, na folda moja ambayo akaunti hiyo inaruhusiwa kuandika. Usihangaike na ile PIN ya kuwashia kompyuta, PIN haikubaliki huku, na hapo wengi wanakwama wanadhani wamekosea setingi. Fungua PowerShell kama admini uandike Start-Service sshd. Kwenye faiawoli tafuta sheria ya OpenSSH kwenye Inbound Rules, kwenye Scope, pale kwenye Remote IP address, ruhusu 192.168.50.1 peke yake, na kwenye Advanced hakikisha Public ina tiki, maana kebo ya moja kwa moja Windows inaiona ni mtandao isioujua na inaiweka kundi hilo. Sasa zima waifai kwenye mashine zote mbili, kwenye WinSCP chagua SFTP, andika 192.168.50.2, port 22, akaunti na paswedi.

Mara ya kwanza WinSCP itakuonyesha herufi nyingi zinazoanza na SHA256 ikikuuliza kama unaiamini mashine hii. Naomba hapa usibonyeze tu ndiyo. Kwenye dekstopu andika ssh-keygen -lf C:\ProgramData\ssh\ssh_host_ed25519_key.pub, zitatokea herufi, zilinganishe. Zikifanana ndo ukubali, maana hiyo ndo inayokuhakikishia unaongea na dekstopu yenu na sio mashine ya mtu aliyejiweka katikati. Itaikumbuka, hutaulizwa tena, na siku ikikuonya kwamba ufunguo umebadilika wakati hamjabadilisha Windows wala kompyuta, simama hapo hapo.

Ishu ya umeme nayo inaishia hapa. WinSCP inaandika faili kubwa kwa jina la muda lenye .filepart mwishoni, umeme ukikatika unaanzisha tena uhamisho uleule na inakuuliza uendelee pale ilipoishia, hurudii mwanzo. Nikuambie ukweli, WinSCP mara nyingi haifiki zile 110, lakini hata ikienda 40 ni saa moja na nusu, bado ni mbali sana na usiku kucha. Mkimaliza, Stop-Service sshd, ndo mnawasha waifai.

Klipu moja mbili za haraka, au kutoka kwenye simu, programu ya LocalSend inatosha, ni bure, inasimba, haihitaji intaneti. Weka PIN na Quick Save iwe imezimwa ili asikutumie mtu vitu bila wewe kukubali. Kwenye baadhi ya ruta za majengo vifaa havionani kabisa kwasababu mwenye ruta kavitenga, ikigoma kwenu usimwombe aondoe, hiyo inawalinda wapangaji wote. Mkipata hela kidogo nunueni ruta yenu ndogo, upande wa intaneti uchomeke kwenye mtandao wa jengo na nyie mkae nyuma yake na paswedi yenu, ila ulizia dukani kama matundu yake ya LAN ni gigabiti, nyingi za bei ya chini sio.

Kitu ambacho nakusihi usikiruke: usifute kadi ya kamera wala laptopu kwa kuona tu kwamba kukopi kumefika asilimia 100. Harusi hairudiwi. Weka programu ya 7-Zip pande zote, bonyeza kulia kwenye folda ya harusi, CRC SHA, SHA-256, utapata namba ndefu ya data yote iliyomo, fanya hivyohivyo kwenye dekstopu. Zikilingana herufi kwa herufi, kilichofika ndo kilichotoka. Ikitofautiana hata herufi moja, kuna faili limeharibika au limebaki, tafuteni kabla ya kufuta chochote. Inachukua muda kwa 220 GB, iacheni iende mkiwa mnakula.

Eksteno yako iko kwenye mfumo wa FAT32, ule haupokei faili moja linalofika 4 GB hata diski iwe tupu. Hamisha vilivyomo kwanza, kwasababu kufomati kunafuta kila kitu, alafu ifomati iwe exFAT na 11 zako zitaingia. Na kama kuna siku mwenzako anaeditia nyumbani na unampa bodaboda mzigo, hiyo diski ikidondoka njiani ni balaa lilelile la juzi, kwahiyo tengeneza ndani yake boksi la VeraCrypt, yaani faili lililosimbwa linalofunguka kwa paswedi, video zote ziingie humo, na paswedi mwambie mwenzako kwa kumpigia simu, isiandikwe kwenye karatasi inayosafiri na diski.