Ile taa ya Raskazone: anza na ndege

Mdogo wangu, unauliza taa nyeupe uliyoiona juu ya bahari kutoka Raskazone, Tanga, baada ya magharibi, ikasimama tuli kisha ikazimika, ilikuwa nini. Naamini uliiona. Ila anza na ndege.

Jeshi la Anga la Marekani, katika mradi wa Blue Book (1952 hadi 1969) wa kuchunguza vitu visivyojulikana angani, lilikusanya ripoti 12,618 za namna hiyo. 701 tu zilibaki bila maelezo. Tangu 1955 ndege za upelelezi za Marekani, U-2, zilipaa zaidi ya futi 60,000. Jioni, huku chini giza limeshaingia, jua bado liliyapiga mabawa yao ya rangi ya fedha, na marubani wa ndege za abiria wakaona kama moto angani. Wachunguzi wa Blue Book walijua ni U-2, lakini ilikuwa siri, wakawaacha watu gizani. Hilo halikuwa haki.

Ndege inayokujia uso kwa uso huonekana imesimama. Ikigeuka, taa yake ya kutua hupotea ghafla. Andika saa na upande (Pemba au Mombasa?), ulinganishe na programu ya kufuatilia ndege kwenye simu. Fanya leo, ungali unakumbuka vizuri.